Niliwaahidi siri, sasa mfadhili anataka data yote iwekwe wazi mtandaoni. Uadilifu uko wapi hapa?

#1 Bint_Makadara
Wadau habari za jioni. Mimi huwa msomaji tu humu lakini leo nina jambo linaninyima usingizi.

Ni msaidizi wa utafiti, mradi siutaji. Mwaka jana tulizunguka Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, miezi mitatu tukiongea na kina mama wa biashara ndogo, mama mboga, wauza omena, wa mitumba, kuhusu mikopo ya simu. Tuliongea na 64. Na hayakuwa maswali ya ndio na la, tulikuwa tunakaa chini saa nzima, mtu anakueleza vile alichukua mkopo kulipa mkopo, vile bwanake hajui mpaka leo, kuna mmoja alilia nikazima rekoda kwanza tukanywa chai. Kabla ya kila mahojiano nilisoma fomu ya idhini kwa Kiswahili na kuna sentensi naijua kwa kichwa kwa sababu niliisoma mara 64: "Majibu yako yatakuwa siri na hakuna mtu nje ya mradi atakayeyaona."

Sasa mradi unaisha na mkataba wa mfadhili unasema data yote lazima iende kwa hifadhi ya wazi mtandaoni, yeyote duniani apakue. Supavaiza ananiambia nitoe majina nipakie kabla mwezi uishe. Namheshimu na hoja yake naielewa, utafiti umelipiwa na pesa ya umma, ukifungiwa kwa kabati unamsaidia nani. Lakini ile sentensi niliisema na mdomo wangu. Kuna mama mmoja hunisalimia kwa jina nikipita pale stegi.

Kufungua au kufunga, uadilifu ni upi?

#2 Otis_wa_Umo
Toa majina, toa namba za simu, toa namba za kitambulisho, pakia. Ndio kawaida kila mahali. Usijipe presha dada.

#3 Mama_Takwimu
@Otis_wa_Umo hapana, na hili kosa nimeliona sana kwa miaka 11 nimefanya kazi ya data. Kutoa majina si kumficha mtu. Mwaka 2000 mwanasayansi mmoja Marekani, Latanya Sweeney, alionyesha kwamba asilimia 87 ya Wamarekani unaweza kumtambua mtu mmoja mmoja ukiwa na vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Vitatu! Alikuwa ashampata hadi gavana wa jimbo ndani ya data ya hospitali iliyosemekana haina majina.

Sasa njoo Mukuru. Ukiandika "mwanamke, miaka 38, ana mapacha, anauza omena karibu na reli, alihama kutoka Siaya", hapo huhitaji kompyuta. Mtu wa ploti ya pili atakuambia ni nani kabla umalize sentensi. Na anayepaswa kuogopwa si mtu wa Ulaya anayepakua faili, ni bwana ya huyo mama, ni landlodi, ni mtu wa chama chake.

#4 Otis_wa_Umo
Haya nimekubali, hiyo ya 87 sikuijua. Lakini si kuna njia, nilisikia zile tafiti za afya za serikali husogeza ramani?

#5 Mama_Takwimu
Ndio, ule utafiti wa afya na idadi ya watu (KDHS). Kabla hawajatoa data husogeza alama za mahali kwa kubahatisha, mjini mpaka kilomita 2, mashambani mpaka 5 na chache hufika 10. Kwa hivyo unaweza kusoma hali ya eneo bila kufika mlangoni kwa mtu. Ni kazi safi. Lakini ile ni namba. Namba unaweza kuisogeza, hadithi ya mtu aliyekopa amzike mamake huwezi kuisogeza kilomita 2.

#6 Wakili_Mtaani
Bint_Makadara pole. Kisheria: Katiba ya 2010 kifungu cha 31 kinalinda faragha, kifungu cha 35 kinatoa haki ya kupata habari. Vyote viko kwa Katiba moja, ndio maana unajisikia umevutwa pande mbili. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inaruhusu data itumike tena kwa utafiti lakini isichapishwe kwa namna inayomtambulisha mtu. Na ulichoahidi kwa idhini kinabaki. Ukitaka kubadilisha nenda NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, wao ndio hutoa kibali, wakikubali umemaliza.

#7 Dkt_Asubuhi
Wakili hapo mwisho nikurekebishe kidogo. NACOSTI wanatoa leseni ya utafiti, na ni lazima, sheria ya 2013. Lakini itifaki na fomu ya idhini hupitiwa na kamati ya maadili iliyoidhinishwa, hizo ziko kwa vyuo na taasisi. Ni kamati hiyo Bint anafaa kurudi kwake na ombi la marekebisho. Na hata kamati ikisema sawa, kamati si mama wa omena. Haiwezi kumfutia ahadi aliyopewa yeye.

La pili, watu wanachanganya maneno. Ile kanuni inayoitwa FAIR ya 2016 inasema data ipatikane, ifikiwe, ioane na data nyingine na itumike tena. Haisemi iwe wazi kwa kila mtu. Unaweza kuweka maelezo ya data hadharani, kwamba ipo, ilikusanywa vipi, hojaji ndio hii, halafu data yenyewe ikakaa nyuma ya mlango na mtu anaomba kwa barua. Hata UNESCO kwa pendekezo lao la sayansi wazi la Novemba 2021 wamekubali kuna sababu za kufunga, faragha ikiwa moja. Soma mkataba wa mfadhili wako polepole, nimeona mingi ina mlango huo na watu hawaufungui kwa sababu hawakusoma ukurasa wa nyuma.

#8 Wakili_Mtaani
Asante daktari, nimekubali kurekebishwa.

#9 Karani_wa_Zamani
Mimi nitaenda kinyume na nyinyi kidogo. Niliwahi kuwa mtu wa fildi miaka saba, nimebeba hojaji za karatasi, nimebeba tableti, nimelala Lodwar, nimenyeshewa Kibwezi. Na nawaambia wazi tatizo kubwa la uadilifu hapa kwetu si data kufunguliwa, ni data kupikwa.

Nilikuwa kwa timu moja mtaa fulani wa hapa Nairobi, tunalipwa kwa fomu, si kwa siku. Lengo fomu 8 kwa siku na kila moja ni dakika 70, hebu piga hesabu, ongeza kutafuta mtu, ongeza mvua, ongeza mtu anakuambia rudi kesho. Siku ya tatu nikapata wenzangu wawili wameketi kibanda cha chai wanajaza. Mmoja anajibu kama mama, mwingine anaandika. Walikuwa vijana wazuri tu, mmoja alikuwa na kodi ya nyumba. Mimi sikusema kitu, na hilo ndilo linanisumbua mpaka leo kwa sababu ripoti ilitoka, ikasomwa kwa hoteli, na ndani yake kuna familia ambazo hazijawahi kuzaliwa.

Walikuja kushikwa kwa mradi mwingine wakati tableti zilianza kurekodi muda na mahali. Mahojiano 6 kutoka sehemu moja, kila moja dakika 9. Sasa fikirieni kama ile data ya kwanza ingekuwa wazi, mwanafunzi yeyote mwenye macho angeona majibu yanafanana hadi umri wa watoto. Data iliyofungwa ndio kichaka cha wapishi. Kwa hivyo Bint usifunge tu kwa huruma.

#10 Kioo_cha_Roysambu
Karani umenigusa. Nami niseme yangu, sijawahi kuiandika mahali.

Mnajua ile kazi ya kuandikia wanafunzi wa ng'ambo, hapa Nairobi vijana wengi tumeifanya tukimaliza chuo kazi hakuna. Nilifanya miaka minne. Nyingi zilikuwa insha tu. Lakini mwaka wa mwisho nilipewa tasnifu ya masta, sura ya nne, na maagizo yalisema "mahojiano na wauguzi 20". Nikauliza rekodi ziko wapi, nikajibiwa andika. Nikaandika. Wauguzi ishirini, nikawapa umri, nikawapa wadi, nikawapa uchovu wa usiku, mamangu ni muuguzi kwa hivyo nilijua vile wanaongea. Ilipita. Nilipoambiwa imepita vizuri ndio niliacha hiyo kazi, sikuweza kulala.

Hakuna mtu aliomba kuona hata nakala moja ya mahojiano. Hata moja. Ndio maana nakubaliana na Karani.

#11 Mama_Takwimu
Kioo asante kwa kusema. Si rahisi.

#12 Nyanya_Hojaji
Nimesoma mpaka hapa na chai imepoa. Karani wewe ndio ulikuwa unabisha mlango wangu saa moja asubuhi mwaka wa sensa??

#13 Karani_wa_Zamani
Sensa ilikuwa usiku mama, ile ya 2019 ilianza usiku wa tarehe 24 Agosti. Wa asubuhi hakuwa mimi 😂

#14 Nyanya_Hojaji
Basi nimekusamehe.

#15 Mtoto_wa_Budalangi
Mkiongelea data wazi na Kenya mbona hakuna ametaja minyoo ya Busia? Nyumbani kwetu! 1998 watafiti walianza kupeana dawa za minyoo kwa shule 75 za msingi, wanafunzi zaidi ya 30,000, mdogo wangu alimeza. Pepa ya Edward Miguel na Michael Kremer ikatoka 2004, ikasema watoto wanahudhuria shule zaidi, na faida inavuka hadi kwa wale hawakumeza kwa sababu minyoo inapungua kijijini. Ikawa maarufu dunia nzima, Kremer akapata Nobeli 2019 akiwa na wenzake wawili. Halafu 2015 wengine wakachukua ile data wakaonyesha ni uongo.

#16 Dkt_Asubuhi
@Mtoto_wa_Budalangi si uongo, tafadhali hilo neno ni zito. Miguel na Kremer wenyewe ndio walitoa data na hata msimbo wa kompyuta wakawapa watafiti wa London wakague upya. Hao wakapata makosa ya hesabu, makubwa yakiwa kwa ile sehemu ya faida kuvuka hadi shule za jirani, hasa za kilomita 3 mpaka 6. Miguel na Kremer wakakubali kuna makosa, lakini wakasema ukirekebisha hitimisho kuu bado linasimama. Wale wa London wakasema ukichambua kwa njia nyingine ushahidi unalegea. Wanauchumi na watu wa afya ya umma wakavutana miezi, mpaka ikaitwa vita vya minyoo, na mpaka leo ukikaa na wawili hao meza moja hawatakubaliana.

Kwangu mimi hapo hakuna aliyekosa uadilifu. Mtu aliyekosea akaacha mlango wazi ukaingia ukaona kosa lake, huyo amefanya kazi ya sayansi. Wangapi wetu tunaweza kumpa mtu faili ya hesabu zetu za miaka kumi iliyopita?

#17 Mtoto_wa_Budalangi
Nimekubali si uongo, ni makosa. Lakini bado huwa najiuliza, vita vyote hivyo vilipiganwa kwa Kiingereza kwenye majarida, nani kule Budalangi amesoma hata ukurasa mmoja? Uwazi kwa nani?

#18 Kayole_Kwetu
Hilo swali la @Mtoto_wa_Budalangi ndio swali. Mimi ni wa Kayole. 2020 ilitoka pepa ya watafiti waliofanya kazi na Benki ya Dunia na kampuni ya maji ya jiji, hapa Kayole Soweto. Walitaka kujua wenye nyumba wakikatiwa maji wasipolipa, watalipa? Wakachagua kwa kubahatisha nani apewe notisi ya kukatiwa na nani asipewe. Matokeo, wenye nyumba walilipa zaidi. Mwezi wa Agosti watu wakaisoma, Twitter ikawaka: anayekatiwa ni landlodi lakini anayekosa maji ni mpangaji, na mpangaji aliulizwa na nani?

Kwa hivyo mkiniambia shida ya utafiti ni data kufungwa nawaangalia tu. Ile pepa ilikuwa wazi kabisa. Ni ruhusa haikuwa wazi.

#19 Mama_Takwimu
Tuseme na upande wa pili ili tuwe sawa: waandishi walitoa maelezo marefu ya maadili baadaye, wakasema kukatia wasiolipa tayari ilikuwa sera ya kampuni, utafiti haukuileta, na kwamba walifuatilia kama wapangaji wanaumia. Wengine waliridhika, wengine hapana. Mimi nilibaki katikati. Lakini @Kayole_Kwetu huoni kwamba ulijua kwa sababu waliandika? Ingekuwa ripoti ya ndani ungejuaje.

#20 Kayole_Kwetu
Nilijua baada ya kufanyika. Kuna tofauti ya kuniambia na kuniuliza.

#21 Otis_wa_Umo
Hapo umesema.

Lakini hii si ndio kama ile ya KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, 2023, foleni mpaka barabarani watu wanapigwa picha ya macho wapewe kama elfu saba?

#22 Wakili_Mtaani
Ile haikuwa utafiti Otis, ilikuwa biashara ya Worldcoin, wale wa sarafu ya kidijitali, serikali iliisimamisha Agosti 2023. Ila somo la idhini ni hilohilo. Mtu ana njaa, unampa pesa, anaweka kidole, hiyo ni idhini au ni njaa imeweka kidole? Bint nyinyi mlikuwa mnapeana ngapi?

#23 Bint_Makadara
Mia tano, ya muda wao. Tulijadiliana sana juu ya hiyo. Ukimpa chini ya hapo umemwibia saa nzima ya biashara, ukimpa elfu tatu atakuambia chochote unataka kusikia. Na tulikuwa tunapeana mwanzo, kabla ya swali la kwanza, ili mtu ajue hata akisimama katikati pesa ni yake. Wawili walisimama. Asanteni wote nasoma kila kitu, niko kwa mat nitajibu vizuri usiku.

#24 Pwani_Hadi_Bara
Mimi naona mnaficha ndovu nyuma ya mchicha. Kwa nini mfadhili anang'ang'ania data ya Mukuru iwe wazi? Kwa sababu data ikiwa wazi mwenye kompyuta kubwa na watu 20 ofisini ndiye ataitumia, ataandika pepa tano kabla Bint amalize tasnifu yake. Kumbukeni Ziwa Bogoria. Miaka ya 90 vijidudu vya maji moto vilichukuliwa kule ziwani, vimeng'enya vyake vikaishia kwa sabuni za kufua na kulainisha jinzi za viwandani, KWS, shirika letu la wanyamapori, ikaja kudai haki baadaye sana. Uwazi bila nguvu sawa ni kumfungulia jirani ghala.

#25 Dkt_Asubuhi
Mfano mzuri ila ile ni mali ya viumbe, kuna itifaki yake kabisa, Nagoya ya 2010, ilianza kutumika 2014. Na KWS iliingia mkataba na Novozymes, kampuni ya vimeng'enya, 2007, kwa hivyo tulijifunza. Data ya mahojiano haina ulinzi kama huo. Karibu zaidi ni zile kanuni za CARE za 2019, zilitoka kwa watu wa jamii asilia wakisema data iwafaidi wao kwa pamoja na wao wawe na mamlaka juu yake. Naona zingefaa kina mama wa Mukuru hata kama hawaitwi jamii asilia.

#26 Pwani_Hadi_Bara
Na Afrika Kusini? Novemba 2021 waliona kirusi kipya cha korona, kile cha Omicron, wakatangaza haraka wakaweka data wazi kama wanasayansi waadilifu. Malipo yao? Siku hiyohiyo Uingereza ikawafungia ndege, wengine wakafuata. Kesho nani atakuwa wa kwanza kusema?

#27 Nesi_wa_Usiku
@Pwani_Hadi_Bara naelewa uchungu wako lakini angalia na kile kinatokea data ikifichwa. Mei 22, 2020 jarida la Lancet lilitoa pepa kwamba hydroxychloroquine inaua wagonjwa wa korona, eti wagonjwa 96,000 hospitali 671 dunia nzima, pamoja na Afrika. Siku chache tu WHO ikasimamisha kwa muda majaribio ya hiyo dawa. Wanasayansi wakauliza hizo hospitali za Afrika ni zipi zina rekodi za kompyuta nzuri hivyo? Surgisphere, kampuni iliyotoa hiyo data, ikakataa kuionyesha. Juni 4 pepa ikaondolewa. Wiki mbili. Sisi tulio kwa wadi za hospitali tuliona protokoli zikibadilika na kurudi. Tena kilichoiangusha ni mtu kuuliza swali la kawaida kabisa: nionyeshe.

Wadi za huku kwetu zilikuwa bado ni kitabu cha jalada gumu na kalamu ya kamba. Yeyote aliyefanya kazi Afrika angejua siku ya kwanza.

#28 Masta_Bado
Mimi nina maelezo mengine kabisa, si wazungu si wapishi. Ni karatasi. Miongozo ya CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, ya 2014 ilisema PhD uchapishe pepa mbili na masta moja ndio uhitimu. Nia nzuri. Lakini jarida zuri linachukua mwaka, na ukitaka lile la kusomwa bure mwandishi ndiye analipa, jarida la Nature walitangaza euro 9,500 mwishoni mwa 2020, hiyo ni zaidi ya milioni ya shilingi. Mimi mshahara wangu mnaujua vile mnajua wenu. Basi nikapata imeli, jarida la "kimataifa", wanachapisha kwa siku 4, nikalipa. Hakuna aliyesoma. Najua kwa sababu kwa jedwali la pili nilikuwa nimeacha alama za kuuliza nikumbuke kurekebisha, na ziko pale zimechapishwa mpaka leo.

Nilikubaliwa kuhitimu na hiyo. Sina furaha nayo, nimeshaandika kuomba waiondoe, hawajibu imeli zangu tangu walipopokea pesa.

#29 Otis_wa_Umo
Alama za kuuliza zimechapishwa?? Manze.

#30 Mama_Takwimu
Usife moyo @Masta_Bado. Kuna majarida ya wazi yasiyotoza mwandishi, anza kutafuta kwa AJOL ile mtandao wa majarida ya Afrika, uko tangu 1998, ila angalia kila jarida lenyewe. Na weka nakala iliyorekebishwa mahali pa bure kama Zenodo na uandike juu kabisa kwamba ile ya kwanza ina makosa. Kujirekebisha hadharani ni sehemu ya hii kazi.

#31 Bint_Makadara
Nimerudi. Nimesoma mkataba kama Dkt alivyosema. Ukurasa wa 14 kuna mstari: data iwe wazi "isipokuwa pale sababu za kimaadili zinazuia", mtafiti aeleze. Sikuwa nimeuona na supavaiza pia. Nilimwonyesha leo, alikaa kimya kidogo, kisha akasema haya, andika hayo maelezo tutie sahihi sote wawili. Pia akasema kitu sikutarajia, kwamba anaogopa tukifunga yote watu watadhani tulipika. Nikamsomea post ya Karani. Alicheka halafu akasema kweli hiyo ndiyo hofu yake.

Tumekubaliana hojaji, mwongozo wa mahojiano, vile tulichagua wahojiwa, jedwali la jumla, vyote wazi. Mahojiano yenyewe, Alhamisi narudi Mukuru kuwauliza wenyewe. Sasa nahitaji msaada, nisomeeni hii sentensi mpya ya idhini: "Je, unaridhia nakala isiyotambulishika ya mahojiano yako ihifadhiwe katika hazina ya kidijitali kwa matumizi ya kitafiti ya baadaye?"

#32 Nyanya_Hojaji
Mjukuu wangu hiyo hata mimi mwalimu mstaafu nimeisoma mara mbili. "Isiyotambulishika"? Ukimsomea mama wa mboga atakuambia ndio ili uondoke ahudumie mteja.

#33 Pwani_Hadi_Bara
Kwanza sema "kubali". Ridhaa na idhini ni maneno ya ofisi, mtu akiyasikia anadhani kuna sahihi ya chifu. Na "hazina" wengine watasikia pesa, utakuwa umewaahidi kitu kingine kabisa.

#34 Nyanya_Hojaji
Jaribu hivi: "Mazungumzo yetu ya mwaka jana, tukitoa jina lako na mambo yanayoweza kukujulisha, tunataka kuyaweka mahali ambapo watu wengine wanaofanya utafiti wanaweza kuomba kuyasoma. Tulikuambia hayatasomwa na mtu mwingine. Sasa tunakuuliza upya. Unakubali, unakataa, au kuna sehemu ungetaka tuitoe?"

Ni refu lakini pumzi ya mtu inaifuata. Na lazima useme "tulikuambia". Usiruke hapo.

#35 Karani_wa_Zamani
Hiyo "tulikuambia" ndio yenyewe. Ahadi ni deni, na dada ulienda kuuliza watu juu ya madeni yao. Nitakuja Alhamisi nikubebee vitu, naijua ile njia ya kutokea upande wa Mukuru kwa Reuben mvua ikinyesha. Sitaingia kwa mahojiano, nitakaa nje.

#36 Dkt_Asubuhi
Kamati kwanza! Pata barua yao hata ya imeli kabla ya Alhamisi, usirudi fildi bila.

#37 Bint_Makadara
Nimeshaandikia kamati daktari, mwenyekiti ameahidi jibu Jumatano. Lisipokuja nasogeza siku.

#38 Bint_Makadara
Mrejesho, na samahani kwa kunyamaza wiki tatu. Kamati ilijibu Ijumaa kwa hivyo tulienda wiki iliyofuata. Kati ya 64 nimepata 41. Wengine walihama, namba hazishiki. 29 wamekubali, 8 wamekataa, 4 wamesema wanafikiria. Kati ya waliokubali kuna mmoja alikasirika nilipomwambia tunatoa majina. Alisema yeye amelea watoto watano na hiyo biashara na jina lake liandikwe, na la kibanda pia, kwani ameiba?

#39 Wakili_Mtaani
Liandike basi, ni haki yake.

#40 Mama_Takwimu
Polepole. Akitajwa yeye wanaweza kujulikana na wa chama chake aliowataja ndani, na hao labda walikataa.

#41 Kayole_Kwetu
Na wale 23 hawakupatikana? Msije mkahesabu kimya kuwa ndio.

#42 Otis_wa_Umo
Mimi naona kimya si ndio wala la, wapewe mwaka mmoja namba zijaribiwe tena.

#43 Dkt_Asubuhi
Kamati nyingi zingekubali 23 ziingie kama zimefichwa vizuri. Mimi mwenyewe ningekubali, ushahidi ukipungua nusu utafiti wenyewe unapoteza maana.

#44 Kayole_Kwetu
Daktari hapo hatutakubaliana.

#45 Bint_Makadara
Nimewasoma wote, ya 23 nimeiacha imefungwa kwa sasa. Yule aliyelia nilimkuta pia. Alisikiliza yote akasema yake niiweke, lakini nitoe kila mahali alimtaja mtoto wake wa kwanza. Leo nimerudia kusikiliza rekodi, anamtaja mara tisa. Naanza kukata kesho asubuhi, halafu nampelekea asikilize kabla haijaenda popote.